Taa za Volti 12 Kwenye Nguzo za Varanda: Adui Wako ni Maji

Bonasi ya majani chai ikishaingia mwezi wa Oktoba, mbao na mabati huanza kupanda milima ya Litein, Kapkatet na Mogogosiek kwa pikapu, na muda si mrefu swali lile lile hurudi. Mtu amejenga varanda nzuri inayotazama chai, na sasa anataka taa ndogo kwenye nguzo za reli, nyaya zisionekane, na zisizimike moja moja kabla ya mwaka kwisha. Wanaouliza ni wenye nyumba za kuishi Bomet na Silibwet, wenye vijumba vya kukodisha wageni karibu na mji wa Kericho, na walio Nairobi wanaowajengea wazazi.

Jibu fupi ni hili: tumia LED za volti 12, nunua waya mnene kuliko ulivyodhani, na funga kila ungio kana kwamba litakaa chini ya maji. Sehemu kubwa ya ukanda wa chai hupata mvua zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na hakuna kiangazi kirefu cha kukausha kilicholowa. Taa inayodumu miaka sita Athi River inaweza kufa hapa kwa miezi minane, na mara nyingi si taa iliyokufa bali ungio lililo nyuma yake.

"Si ni volti 12 tu?"

Ndiyo, na ndiyo maana tunaipendekeza. Mtoto akishika waya uliochubuka kwenye reli iliyolowa, volti 12 haitamuua. Volti 240 ya Kenya Power inaweza kumuua. Kwa hiyo wanaouliza kama wanaweza kupitisha stima ya kawaida kwenye nguzo "kwa vile tayari iko ukutani", jibu ni hapana.

Hata hivyo, kuna mambo mawili ya kutahadhari:

- Volti 12 inaweza kuchoma nyumba. Betri ya sola ikipigana shoti bila fyuzi, waya huwa mwekundu kama kaa la jikoni, na varanda yako ni ya mbao.
- Upande wa pili wa transfoma inayoshusha stima hadi volti 12 ni volti 240. Kazi ya upande huo ni ya fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, kama Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 inavyotaka. Mwombe akuonyeshe leseni. Fundi wa kweli hakasiriki.

Upande wa volti 12 unaweza kuufanya mwenyewe ukiwa na subira.

Kabla ya kwenda hadiwea

Chukua karatasi, chora varanda, weka alama kwenye kila nguzo, kisha upime kwa futi kamba umbali kutoka mahali transfoma itakapokaa hadi nguzo ya mwisho. Pima njia ambayo waya utapita, pamoja na kupanda na kushuka, si mstari wa moja kwa moja.

Halafu hesabu wati. Taa ya nguzo haihitaji zaidi ya wati 1 hadi 2. Tuseme una nguzo 12 za wati 2 kila moja: jumla ni wati 24, yaani ampea 2 kwenye volti 12. Transfoma isifanye kazi kwa zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake, kwa hiyo kwa wati 24 tafuta ya wati 30 au zaidi. Wengi huchukua ile adapta ya kamera za CCTV ya ampea 2 kwa sababu iko tayari dukani. Kwa hesabu hii itakuwa imefika kikomo, itapata moto kila usiku, na haitadumu.

Gharama ya tokeni isikutishe. Wati 24 kwa saa 5 kila usiku ni chini ya uniti 4 kwa mwezi.

Unene wa waya: hapa ndipo wengi huharibu

Volti 12 ni nguvu ndogo, na hupotea njiani kama maji yanavyopoteza kasi kwenye mpira mrefu mwembamba. Ndiyo maana nguzo za mwanzo hung'aa na za mwisho hufifia. Kwa mfano wetu wa ampea 2, iwapo mzigo wote ungekuwa mwisho wa mita 15, hasara ingekuwa hivi:

- Waya wa spika wa milimita 0.5 za mraba: zaidi ya volti 2. Haufai.
- Milimita 0.75: karibu volti 1.5. Haufai.
- Milimita 1.5: karibu volti 0.7.
- Milimita 2.5: karibu volti 0.45.

Lenga kupoteza si zaidi ya volti 0.6. Kwa kuwa taa zako zimetawanyika njiani badala ya kurundikana mwisho, hasara halisi ni karibu nusu ya hizo, kwa hiyo milimita 1.5 inatosha kwa varanda ya kawaida. Ikiwa unapanga kuongeza taa baadaye, weka 2.5 sasa. Kufumua mbao ili ubadilishe waya ni ghali kuliko tofauti ya bei.

Kuna njia isiyogharimu chochote: leta umeme katikati ya varanda badala ya pembeni, ugawe kushoto na kulia. Kila upande unabeba nusu ya mzigo kwa nusu ya umbali, na hasara inashuka hadi robo. Varanda ikizidi mita 25, fikiria mfumo mzima wa volti 24.

Onyo kuhusu waya bandia: upo waya unaouzwa kama shaba, kumbe ni alumini iliyopakwa shaba juu. Kwangua ncha kwa wembe ukiwa bado dukani. Ukiona weupe ndani, mrudishie mwenye duka. Tafuta pia alama ya KEBS kwenye kebo yenyewe, si kwenye karatasi ya kufungia tu.

Transfoma au betri ya sola?

Kama una stima, transfoma ikae ndani ya nyumba, ukutani, mahali penye hewa. Isiwekwe chini ya sakafu ya varanda eti "haitaonekana". Huko chini kuna unyevu, panya na mchwa, na siku ikiharibika utaifikia kwa kutambaa.

Kama una sola yenye betri ya volti 12, huhitaji transfoma kabisa, lakini zingatia haya:

- Fyuzi ya ampea 5 iwe kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri, si upande wa taa. Inalinda waya wote ulio mbele yake.
- Betri inapochajiwa hufika volti 14 na zaidi. Taa iliyotengenezwa kwa volti 12 kamili itaungua mapema. Nunua zilizoandikwa zinahimili, tuseme, volti 10 hadi 30.
- Betri ya asidi ya ampea-saa 100 hutumiwa nusu tu ili isife mapema. Taa zetu 12 hula ampea-saa 10 kwa usiku wa saa 5, kwa hiyo betri inatosha, ila kumbuka Juni hadi Agosti, mawingu na ukungu vikitanda siku kadhaa mfululizo na televisheni nayo ikitaka sehemu yake.

Msomaji mwingine atauliza: zile taa ndogo za sola za kubandika, kila moja na paneli yake, zina kasoro gani? Kwa sherehe ya wikendi, hazina. Lakini zikiwa chini ya paa la varanda hazioni jua, na msimu wa baridi zitakuacha gizani saa mbili usiku.

Nguzo yako ni ya nini?

*Mbao za saiprasi au blugamu.* Wengi hufikiri ni lazima watoboe nguzo kutoka chini hadi juu katikati. Kwa nguzo ya 4 kwa 4 yenye urefu wa mita moja, biti ndefu hupotoka na kutokea ubavuni, na nguzo imeharibika. Njia bora ni kuchimba mfereji wa milimita 12 kwa 12 kwenye uso wa nguzo unaotazama nyumba, ambako mvua haipigi sana, kulaza waya humo, na kuufunika kwa ubao mwembamba wa skrubu. Usiugundishe kwa gundi. Utataka kuufungua siku moja.

Usipitishe mfereji wala tundu mahali boliti za reli zinapokaa. Nguzo hiyo kazi yake ya kwanza ni kumzuia mtu asianguke.

Nguzo za blugamu zilizotiwa dawa, zile za rangi ya kijani, zina mambo yake. Dawa haifiki kwenye kiini, kwa hiyo kila tundu unalotoboa ni mlango wa mchwa na uozo. Lipake dawa ya mbao kabla ya kupitisha waya. Shaba iliyo kwenye dawa hiyo hula skrubu za kawaida, basi tumia za chuma kisichoshika kutu. Vaa barakoa ukikata, na vumbi lake lisiende jikoni, zizini wala kwenye mbolea ya shamba.

*Chuma cha mraba.* Hii ndiyo rahisi zaidi kwa sababu ni tupu ndani, na ndiyo inayoharibiwa zaidi kwa haraka ya fundi. Kuchomelea kote kumalizike kabla waya haujaingia. Joto la weldingi huyeyusha ganda usiloliona. Kila tundu lipigwe tupa hadi likose makali, kisha livishwe mpira wa kuzuia waya usikwaruzwe. Toboa pia tundu dogo chini kabisa ya nguzo ili maji yatoke, maana yataingia tu.

Na tafadhali, fundi asitumie reli yenyewe kama waya wa kurudishia umeme, kama inavyofanywa kwenye fremu ya pikipiki. Itawaka siku hiyo, ndiyo, lakini kwenye unyevu wa hapa kutu itaanza pale pale. Kila taa ipate nyaya mbili.

*Zege.* Ama ufanye kabla ya kumwaga au usahau. Weka paipu ya milimita 20 ndani ya fremu, acha waya wa kuvutia humo, na uzibe mdomo kwa karatasi ili saruji isijaze. Kama nguzo zimeshakauka, usizichonge. Pitisha waya kwenye paipu nyembamba nyuma yake na uipake rangi ya nguzo.

Hatua kwa hatua

1. Zima stima na uchomoe betri. Thibitisha kwa testa, usiamini swichi.
2. Laza kebo kuu chini ya sakafu, ubavuni mwa mihimili, ukiifunga kila baada ya nusu mita. Isilale juu ya udongo. Kama kuna panya, ipite ndani ya paipu.
3. Kwenye kila nguzo, toboa tundu la milimita 10 kupita sakafuni, likiwa na mteremko kidogo: mdomo wa nje uwe chini kuliko wa ndani. Tundu lililolala sawa hunywa maji.
4. Pandisha tawi la waya hadi kwenye taa, ukiacha ziada ya sentimita 15 ndani ya nguzo.
5. Kabla waya haujaingia kwenye tundu au kisanduku chochote, ukunje ushuke chini kidogo kisha upande. Maji yanayofuata waya yatadondoka kwenye mkunjo badala ya kuingia.
6. Fuata rangi bila kubadilisha: nyekundu chanya, nyeusi hasi. LED ikigeuzwa haitawaka, na nyingine huharibika kabisa.
7. Unganisha kwa muda, ngoja usiku, uwashe zote kwa saa mbili. Pima volti kwenye nguzo ya mwisho, na uguse transfoma: ikiwa huwezi kuiwekea mkono, imezidiwa.
8. Ukiridhika, ndipo ufunge maungio ya kudumu na mifuniko.

Hatua ya saba ndiyo hurukwa, kwa sababu fundi anataka kurudi kwao kabla ya giza. Usimlipe salio mpaka umeziona zikiwaka usiku.

Maungio

Ukisoma sehemu moja tu ya makala haya, iwe hii.

Kusokota nyaya na kuzungushia tepu nyeusi si ungio la nje. Gundi ya tepu huachia kwa baridi ya usiku na joto la mchana, maji huingia, na waya wa nyuzi nyingi huyanyonya na kuyavuta ndani ya ganda. Umeme wa betri na transfoma za LED huenda upande mmoja tu, na ukikutana na maji huyeyusha shaba ya waya chanya kidogo kidogo. Ndiyo maana ukifungua ungio lililokufa unakuta waya mweusi mzima na mwekundu umegeuka unga wa kijani.

Ninayoyakubali ni haya, kuanzia bora zaidi:

- Kulehemu kwa risasi, kisha kuvisha mpira unaosinyaa kwa joto wenye gundi ndani. Hakikisha una gundi. Usio na gundi huziba macho tu.
- Konekta zenye jeli ndani, za kubana kwa koleo. Ni za haraka, na jeli huyanyima maji nafasi.
- Konekta za skrubu ndani ya kisanduku kisichopitisha maji, nyaya zikiingilia upande wa chini. Kisanduku kikiwa nje, toboa tundu la milimita 5 chini yake. Wengine hushangaa: kwa nini utoboe kisanduku cha kuzuia maji? Kwa sababu baridi ya usiku huku hugeuza unyevu wa hewa ya ndani kuwa matone, na matone hayo yanahitaji pa kutokea.

Silikoni ni nyongeza, si ungio. Iliyo na harufu kali ya siki hula shaba. Tafuta isiyo na harufu hiyo.

Punguza idadi ya maungio. Kama unaweza kupitisha kebo kuu bila kuikata, na kuichubua tu mahali pa tawi, fanya hivyo.

Taa ikae wapi, na iwe ya aina gani

Sipendi taa za kofia zinazokaa juu ya kichwa cha nguzo. Zinapokea mvua yote, zinapokea mvua ya mawe, na zinakumulika machoni ukikaa kutazama bonde. Weka taa chini ya ubao wa kushikia, au ubavuni mwa nguzo, ikimulika sakafu. Anza na ngazi: mbao za ngazi zikishika ukungu wa kijani huteleza, na huko ndiko wageni wako huanguka.

Mvua ya mawe si jambo dogo hapa. Miaka ya 1960 mashamba makubwa ya chai yalijaribu hata kurusha maroketi mawinguni kuizuia. Chagua kifuniko cha plastiki ngumu badala ya kioo. Alama ya kuzuia maji iwe IP65 kwa taa iliyo chini ya paa, na IP67 kwa iliyo wazi. Hiyo ya pili huhimili kuzama mita moja kwa nusu saa.

Rangi iwe ya joto, 3000K au chini yake. Nyeupe ya ubuluu huita wadudu, na jioni ile kumbikumbi wanapotoka baada ya mvua, utazima taa zote mwenyewe na kuingia ndani.

Radi

Tuko pembezoni mwa bonde la Ziwa Victoria, mojawapo ya sehemu za dunia zinazopigwa na radi mara nyingi. Kifaa cha kuzuia mshtuko wa umeme kwenye soketi ya transfoma kinasaidia stima ikirudi kwa nguvu baada ya kukatika. Hakitazuia radi iliyopiga karibu. Mawingu yakijikusanya alasiri, chomoa transfoma, na usifanye kazi kwenye reli ya chuma hata kama zimebaki skrubu mbili.

Makosa yanayorudiwa

- Kutumia waya wa ndani ya nyumba mahali penye jua. Ganda lake hupasuka. Utumie wa nje au uuweke ndani ya paipu.
- Kuchomeka ekstensheni kupitia dirishani na kuiacha hapo "kwa sasa".
- Kuzika waya wa ngazi za bustani sentimita 10 chini. Jembe litaufikia, na fuko naye. Zika sentimita 45, ndani ya paipu.
- Kuweka taa nyingi mno. Kuweka taa kwenye nguzo moja na kuruka inayofuata mara nyingi kunatosha, na bonde bado litaonekana.
- Kupaka vanishi juu ya mifuniko ya mifereji mpaka haifunguki tena.

Kila Februari

Kabla ya mvua za Machi hadi Mei, tenga asubuhi moja. Washa taa zote, utafute inayofifia. Fungua mfuniko wa nguzo hiyo na wa nguzo iliyo kabla yake, maana kosa mara nyingi liko kwenye ungio lililotangulia. Pangusa utando wa buibui na uchafu kwenye tundu la kutolea maji. Kaza skrubu za konekta. Ukikuta kijani kwenye shaba, usisugue ukaunganisha tena. Kata waya hadi ufikie shaba inayong'aa, kisha ufunge ungio jipya. Zile sentimita 15 za ziada ulizoacha kwenye nguzo zitakutosha kufanya hivyo mara tatu au nne kabla ya kuhitaji waya mwingine.